Supu ya Soseji na Viazi kwa Namna ya Waitaliano wa Marekani



Nimeombwa niseme nanyi habari za mapishi, na chakula nilichochagua ni supu nzito yenye malai, inayopikwa kwa soseji za Kiitaliano na viazi ulaya. Sufuria moja ya supu hii yatosha kuwashibisha watu sita, wala hapana haja ya kusonga ugali, na kazi yake haizidi saa moja. Lakini ndani yake mna nyama ya nguruwe, na nyama hiyo ina masharti yake. Mpishi asiyeyajua aweza kuleta mezani ugonjwa pamoja na chakula. Basi nitasema juu ya utamu, na juu ya hatari pia.

Kwanza, jina lake. Wamarekani huiita Zuppa Toscana, yaani supu ya Toscana, nayo Toscana ni sehemu ya kati ya Italia penye mji wa Firenze. Walakini mtu akifika Toscana na kuuliza supu ya wenyeji, huenda akaletewa kitu kingine kabisa. Supu mashuhuri ya wakulima wa huko ni ribollita, maana yake iliyochemshwa mara ya pili, nayo hupikwa kwa maharagwe, mboga za majani na mkate uliolala. Malai hayamo. Hata neno zuppa lenyewe, asili yake ni kipande cha mkate kilicholowekwa katika mchuzi.

Malai na nyama nyingi vilitoka wapi, basi? Tangu mwaka 1880 hata 1924 Waitaliano zaidi ya milioni 4 walihamia Marekani, na wengi wao walitoka kusini mwa nchi yao, ambako maskini alikula nyama siku za sikukuu tu. Huko ugenini walipata kazi za mshahara, na nyama ikawa chakula cha siku za kawaida. Soseji yao ya nguruwe yenye shamari ikaenea, hata leo Mmarekani akisema soseji ya Kiitaliano, hiyo ndiyo aitakayo. Na supu yenyewe imejulikana hasa kwa sababu ya hoteli za kula ziitwazo Olive Garden, ambazo ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1982 katika mji wa Orlando, jimbo la Florida. Wako watu wanaodharau chakula cha namna hii, wakisema si cha Kiitaliano halisi. Mimi sioni sababu. Chapati ilitoka Bara Hindi, nasi tumeizidishia mafuta na kuila kwa maharagwe, wala hapana anayelalamika.

Sasa tuje kwenye soseji. Soseji nyingi zinazouzwa kwetu zimefuata desturi ya Kiingereza, yaani nyama imesagwa laini sana na kuchanganywa na makombo ya mkate au unga. Soseji hiyo ni njema kwa chai ya asubuhi, lakini katika sufuria hii hulegea, wala haitoi harufu itakiwayo. Heri kutengeneza nyama yako mwenyewe, maana hapana haja ya kuijaza katika utumbo. Twaa nusu kilo ya nyama ya nguruwe iliyosagwa, yenye mafuta kiasi, kwa kuwa nyama kavu haifai. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha chai cha shamari iliyopondwa, nusu kijiko cha pilipili manga, nusu kijiko cha pilipili kavu iliyosagwa, punje mbili za kitunguu saumu na kijiko kimoja cha siki. Shamari ni zile mbegu ndogo ndefu, za rangi ya kijani, ambazo katika hoteli za Kihindi huletwa mezani ili watu watafune baada ya kula. Usiiache, kwa kuwa ndiyo inayofanya soseji iitwe ya Kiitaliano. Changanya kwa mkono, ufunike, uiweke mahali pa baridi kwa nusu saa. Ukitaka kujua kama chumvi imetosha, kaanga kipande kidogo ndipo uonje. Usionje nyama mbichi hata kwa ncha ya ulimi.

Nasema hivyo kwa sababu ya tegu wa nguruwe. Mnyoo huyu, angali mchanga, hukaa katika nyama ndani ya vifuko vidogo vyeupe. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu hukua katika matumbo yake na kutoa mayai, nayo hutoka pamoja na choo. Hapo ndipo hatari kubwa inapoanza. Mayai hayo yakimfikia mtu kinywani, kwa mikono isiyonawiwa, au kwa maji au mboga zilizochafuliwa, wachanga wa tegu husafiri katika damu na huweza kufika kwenye ubongo, na mgonjwa akashikwa na kifafa. Ugonjwa huu umeonekana magharibi ya Kenya, mahali ambapo nguruwe huachwa wazurure na vyoo havitoshi. Kwa miaka mingi watu wengi wamedhani kifafa ni uchawi au laana, na wagonjwa wakafichwa nyumbani bila dawa, kumbe wengine wao shina la mateso yao lilikuwa mnyoo.

Kwa hiyo nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi, wala usishawishiwe na bei nafuu ya nyama iliyochinjwa kichakani. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na baada ya kushika nyama mbichi, ukaoshe na ubao na kisu. Osha mboga kwa maji safi. Tena pika nyama hata wekundu wote uishe. Wenye kipima-joto cha jikoni wajue kwamba nyama ya kusagwa yatakiwa ifike digrii 71 za Selsiasi.

Ndugu zetu Waislamu, na wengine wasiokula nguruwe, na watumie nyama ya ng'ombe au ya kuku kwa viungo vile vile, wakiongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Nyama hizo nazo ziive kabisa, na ya kuku ifike digrii 74.

Vitu vingine vya kutayarisha ni hivi: viazi robo tatu ya kilo, kitunguu maji kikubwa kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, supu ya kuku lita moja na nusu, fungu moja la sukuma wiki, na malai kikombe kimoja. Malai ni yale mafuta ya maziwa ambayo madukani huitwa krimu. Katika viazi, tupa kila kilichogeuka kijani au kilicho kichungu, kwa sababu sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa. Viazi vingine vikate vipande vyembamba, unene wa nusu sentimita.

Weka sufuria nzito juu ya moto wa kiasi, utie nyama peke yake. Ivunjevunje kwa mwiko, kisha uiache dakika tatu au nne bila kuikoroga, mpaka upande wa chini uwe wa kahawia, ndipo uigeuze. Wapishi wengi hukosa subira hapa. Hukoroga tangu mwanzo hata mwisho, na nyama ikachemka katika maji yake ikawa ya kijivu. Baada ya dakika kumi hivi, ikiisha kuiva, iopoe, ukaache mafuta vijiko viwili tu katika sufuria. Tia kitunguu maji, ukikaange mpaka kilainike, kisha kitunguu saumu kwa dakika moja. Chini ya sufuria utaona ukoko wa kahawia. Usidhani ni uchafu. Mimina kikombe kimoja cha supu ya kuku, uukwangue kwa mwiko mpaka uyeyuke wote, maana ladha ya soseji imo humo.

Sasa tia supu iliyobaki pamoja na viazi, na moto uwe wa kutokota polepole. Viazi vya aina ya Shangi, ambavyo vimejaa sokoni, huiva upesi na kupasuka, basi vitazame mapema, baada ya dakika kumi. Vikiisha kuiva, ponda vipande vichache kwenye ubavu wa sufuria. Wanga wake utaifanya supu iwe nzito bila kutia unga. Kisha rudisha nyama, utie na sukuma wiki iliyotolewa vikonyo na kukatwa, kwa muda wa dakika tano. Mboga hii ni ndugu halisi wa ile mboga nyeusi ya Toscana, kwani zote mbili ni za jamii moja ya kabichi isiyofunga kichwa. Kwa hiyo sisi hatuna haja ya kutafuta kitu badala yake.

Malai ndiyo ya mwisho, nayo ndiyo yanayowashinda wengi. Punguza moto mpaka supu isitokote tena. Tia malai katika bakuli, uongeze upawa mmoja wa supu ya moto, ukoroge, ndipo umimine yote katika sufuria. Yakiingia ya baridi katika supu inayochemka sana huweza kukatika, hasa yakiwa mepesi, na supu ikajaa madonge. Kwa sababu hiyo hiyo usitie ndimu, wala usitumie maziwa mala. Asiye na malai na atumie maziwa yasiyotolewa mafuta, akiisha kukaanga vijiko viwili vya unga wa ngano pamoja na vitunguu kabla ya kumimina supu. Si sawa na malai, lakini inafaa. Chumvi ionjwe sasa, si mapema, kwa kuwa nyama na supu ya kuku vimekuja na chumvi yao.

Itakayosalia ipoe upesi na iwekwe katika friji, nayo itakaa siku tatu. Pasipo friji, iliwe siku ile ile. Kesho yake mtaikuta imekuwa nzito kama uji, basi ongezeni maji nusu kikombe, mkaipashe polepole huku mkikoroga, mpaka mvuke utoke katika sufuria nzima.