Breka Ikiruka, Soma Kibati Kwanza
Mazungumzo na mafundi wa kuchomelea vyuma, Samburu

Nitasema machache, najua kuna mageti ya watu yanawangoja.

Breka ikiruka kila mnapowasha mashine, wengi hukimbilia dukani kununua kubwa zaidi. Ya ampea 20 inatolewa, inawekwa ya 40, na waya ni ule ule wa milimita 2.5. Sasa breka hairuki tena. Kitakachoungua ni waya, ndani ya ukuta, na wewe unaendelea kuchomelea bila habari. Breka imewekwa pale kuulinda waya.

Someni kibati cha mashine. Ile 200 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ampea za kuchomelea, si za stima inayoingia. Tafuteni I1max. Ikiwa ni 30 kwa volti 240, wekeni breka ya 32, aina ya C au D, inayovumilia mvuto wa kuwasha, na waya wa shaba wa milimita 6 za mraba. Mbona 6, na wa 4 ungebeba? Ni umbali. Kibanda kikiwa mita 30 kutoka kwenye mita ya stima, waya wa 2.5 hupoteza volti kama 16, wa 6 hupoteza kama 7. Ndiyo maana elektrodi hunata mkidhani ni mbovu.

Plagi ya ampea 13 si ya mashine hii. Waya wa kijani na njano usikatwe.

Kazi yenyewe mpeni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Wenye mashine za fezi tatu, hesabu yenu ni nyingine. Nioneni tukimaliza, mje na picha ya kibati.