Mbegu ya Nduma Huwekwa kwa Jirani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia)



Leo nimeombwa niseme juu ya nduma, ambayo wengine huiita jimbi. Hapa hakuna mtu wa kufundishwa kula nduma na chai! Kwa hiyo tuzungumze juu ya mbegu. Kila kiangazi kikiisha tunasikia kilio kile kile: mvua imekuja, shamba liko tayari, lakini mbegu hakuna.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa mahindi na maharagwe. Ukiyakausha vizuri na kuyaweka kwa gunia, utayakuta. Nduma si hivyo. Mbegu yake ni kitu kibichi: ni mtoto anayechipuka kando ya mama yake, au ni kichwa cha nduma yenyewe. Ukiiweka kivulini itangoja siku chache tu. Basi ghala ya mbegu hii ni wapi? Ni shamba lenye unyevu. Na lako likikauka, ghala yako ni shamba la jirani.

Zamani nduma ilikuwa ya mwenye bonde. Mama mjane aliye juu ya mlima, au kijana asiyerithi kipande karibu na mto, hakuhesabiwa. Siku hizi haifai kusema hivyo, tena kulima mpaka ukingoni mwa mto kunaharibu mto wenyewe. Nduma inaweza kupandwa nyumbani. Chimba mtaro wa kina cha futi mbili na upana wa futi tatu. Tandika karatasi nzito ya nailoni chini na kando, isiwe na matundu. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, urudishe ndani, lakini usijaze. Acha kama nusu futi ili maji yakae. Panda kwa nafasi ya futi moja au zaidi. Funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya ndizi. Maji uliyooshea mboga yamwage hapo. Ukiitunza, utavuna baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kulingana na aina.

Sasa sikilizeni hapa. Ukivuna, usiuze kichwa. Kata sehemu ya juu ya nduma, kama unene wa kidole, pamoja na mashina ya majani yenye urefu wa shibiri moja. Hiyo ni mbegu. Irudishe udongoni upesi. Na kabla ya jua kali la Januari na Februari, kila mwanachama atenge kona moja yenye kivuli karibu na jikoni, apande watoto kumi au ishirini. Hao si wa kula. Hao ni wa kuvuka kiangazi. Ndoo moja ya maji inaweza kuokoa kitalu kidogo, hata shamba lote likikauka.

Tuseme kikundi kina watu ishirini, na mbegu yote iko kwa mwenyekiti. Kisima chake kikikauka, kikundi kizima kimekosa. Lakini ikiwa nyumba ishirini zina kona ishirini, hata kumi na tano zikishindwa, tano zitawapandia wengine. Kwa hiyo wekeni sheria nyepesi: anayepewa watoto kumi, akivuna atoe ishirini kwa mwanachama mwingine, na katibu aandike kwenye daftari. Mtu asione haya kupokea, na mwenye kutoa asijifanye tajiri. Leo ni wewe, kesho ni mimi.

Gawaneni aina mbalimbali pia. Mwaka 1993 ugonjwa wa ukungu wa majani uliingia Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambako nduma ni chakula na ni pesa. Wakulima wengi walikuwa wamepanda aina moja iliyopendwa sokoni. Ugonjwa ukaifagia, na biashara ya kuuza nje ikaanguka. Walijiinua baadaye kwa kuzalisha aina zinazoweza kustahimili. Tusingoje kufundishwa hivyo. Na usimpe mwenzako mbegu yenye mabaka kwenye majani au iliyoanza kuoza. Huo utakuwa ni ugonjwa umempa. Mwambie pia kama aina hiyo huwasha koo na inahitaji kupikwa muda mrefu.

Kabla hatujaachana leo, kila kikundi kikae pamoja na kujibu maswali mawili. Nani kati yetu ana nduma yenye afya sasa hivi? Na nani hana hata mche mmoja? Hao wawili wakutane wiki hii.