WEMBE MMOJA, USO MMOJA
(Mazungumzo na wanakisomo)



Leo tuzungumze juu ya wembe wa kukunja. Ni ule wembe mrefu ambao makali yake hufichwa ndani ya mpini, kama kisu cha mfukoni. Ukitunzwa vizuri, humfaa mtu kwa miaka mingi. Lakini unataka mkono uliofundishwa.

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Yaani mkaidi aachwe akatwe ndipo ajifunze. Sisi ni watu wazima, na kusoma tunajua. Hatuna haja ya kujifunza kwa damu.

Kwanza, makali. Wembe butu ndio unaokata watu. Hukwama kwenye ndevu, na mwenyewe huukandamiza. Kwa hiyo, kabla ya kunyoa, upitishe juu ya ukanda wa ngozi uliovutwa ukanyooka. Fanya hivyo mara 20 au 30, kwenda na kurudi. Mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate nyuma. Ukitanguliza makali, utakata ukanda na kuharibu wembe. Unapogeuza, geuza juu ya mgongo. Ukanda hunyoosha makali tu. Makali yakiisha, wembe unahitaji kinoo laini.

Pili, uso. Nawa kwa maji ya moto na sabuni. Acha ndevu zilainike kwa dakika 2 au 3, kisha paka povu zito. Ndevu kavu hazinyolewi.

Tatu, mkono. Kwa mkono mmoja vuta ngozi ikazike. Kwa mkono wa pili shika wembe bila kuukaza. Ukiulaza bapa, hautakata nywele. Ukiusimamisha wima, utakwangua ngozi. Basi, inua mgongo wake kidogo tu, theluthi moja ya njia kutoka kulala hadi kusimama. Vuta vipande vifupi, pole pole. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Na kamwe usiutelezeshe kwa upande kama unayekata mkate. Hapo utajichanja.

Siku za kwanza nyoa mashavu tu. Kidevu na koo viache mpaka mkono uzoee. Sehemu zilizobaki, malizia kwa wembe wako wa kawaida.

Nyoa kufuata upande nywele zinakolala. Wengi wetu tuna ndevu za kipilipili. Zikikatwa chini mno, ncha zake hujikunja na kurudi ndani ya ngozi. Ndiyo asili ya vile vipele vya shingoni. Afadhali zibaki kidogo kuliko kutafuta ulaini wa yai.

Ukijikata, osha kwa maji safi na sabuni, kisha bana kwa kitambaa safi. Usipake majivu wala udongo. Udongo waweza kuleta pepopunda.

Sasa nafika kwenye jambo kubwa. Wembe wa kukunja hautupwi baada ya kunyoa, kwa hiyo watu huona hakuna ubaya kuazimana. Baba anyoe, mwana anyoe, na jirani aje kuomba. Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari. Mkwaruzo mdogo usiouona huacha damu kwenye makali. Kwa njia hiyo virusi vya UKIMWI vyaweza kupita. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu zaidi kufa. Vyaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Kuufuta wembe kwa kitambaa au kuuchovya kwenye maji ya moto hakutoshi.

Najua ni vigumu kumwambia ndugu yako "sikupi". Ataona una choyo. Mwambie hivi: "Kaka, chakula tutakula pamoja, lakini wembe kila mtu na wake." Huko si kumnyima. Ni kumlinda yeye, na kujilinda wewe. Na ukienda kwa kinyozi, mwombe atie wembe mpya mbele ya macho yako. Ni haki yako.

Ukimaliza, suuza wembe, ukaushe vizuri, upake mafuta kidogo usipate kutu. Uweke mbali na watoto.



Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini wembe butu ni hatari kuliko wembe mkali?
2. Vipele vya shingoni hutokana na nini?
3. Jirani akija kuazima wembe, utamjibuje bila kumuudhi?