Mafunzo Endelevu kwa Daktari wa Mifugo Anayehudumu Kibera na Kawangware



Niliombwa nizungumzie nyenzo za kitaaluma na mafunzo ya madaktari wa mifugo walio kazini, nchi nzima. Kwa ruhusa yenu nitaipunguza mada. Nitamzungumzia daktari aliyepanga kijichumba karibu na stendi ya 46 Kawangware, na mwenzake anayezunguka Kibera kwa bodaboda, Makina hadi Laini Saba, mkoba wa dawa mgongoni na simu isiyonyamaza. Mipango yetu ya mafunzo imetungwa kana kwamba hawa wawili hawapo.

Sababu yake si umbali. Barabara ya Naivasha ikitoka Dagoretti Corner hupita katikati ya Kawangware, ikaendelea hadi Uthiru, na hapo ndipo ilipo ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoundwa mwaka 1994 kwa kuunganisha ILRAD ya Nairobi na ILCA ya Addis Ababa. Jirani na hapo ni Kabete, penye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, maabara kuu ya serikali ya mifugo, na AHITI inayofunza wasaidizi wa afya ya mifugo. Homa ya nguruwe ya Afrika iliingia katika vitabu vya dunia kutokana na uchunguzi wa R. Eustace Montgomery wa Kabete, aliouchapisha mwaka 1921. Leo mfugaji wa Kawangware akiamka akute nguruwe watatu wamelala chini, masikio yamegeuka rangi ya zambarau, daktari anayemwita anaweza kufika Kabete kwa matatu. Swali ni kama ana mtu wa kumpigia huko, na kama sampuli yake itapokelewa bila barua ya mtu mkubwa.

Tulifikaje hapa? Wengi wenu mnakumbuka, au mmesimuliwa, kwamba mwaka 1988 serikali iliacha kuwaajiri moja kwa moja wahitimu wa udaktari wa mifugo. Kabla ya hapo mafunzo yalifuata mshahara: kulikuwa na mkuu wa idara wa wilaya, waraka kutoka makao makuu, na gari la kwenda semina. Daktari wa kujitegemea alipoanza kutafuta riziki yake mwenyewe, mshahara ulikatika na mafunzo nayo yakakatika. Sheria ya mwaka 2011 iliwaweka madaktari na wasaidizi wao chini ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, na leseni ikafungamanishwa na pointi za mafunzo endelevu. Ni jambo jema, na siungi mkono wanaotaka pointi zifutwe. Lakini pointi nyingi hupatikana ukumbini. Mkutano wa kisayansi wa chama chetu cha madaktari wa mifugo, KVA, hufanyika mwezi wa Aprili, karibu na Siku ya Madaktari wa Mifugo Duniani, ambayo ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo. Aliyeajiriwa huenda kwa gharama ya mwajiri. Wa Kawangware hulipa ada, nauli na malazi, tena hufunga chumba chake, na wateja wake humpata mwingine. Kwa hiyo hutafuta pointi za bei nafuu mwishoni mwa mwaka, aketi, asaini, arudi. Tusimlaumu.

Sasa tuwatazame wagonjwa wake. Tangu mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini, kwa hiyo hatuzungumzii ufugaji wa kujificha. Kawangware na viunga vya Dagoretti kuna ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa, nguruwe wanaolishwa mabaki ya hoteli, na punda wa mikokoteni wenye vidonda vya hatamu. Kibera kuna kuku, bata, mbuzi wanaojitafutia kwenye jalala, na mbwa wengi.

Nitoe mfano mmoja, wa ng'ombe. Banda la mabati Gatina, Kawangware, ng'ombe mmoja, mwenyewe analalamika maziwa yamepungua. Kwa macho maziwa ni safi. Daktari anatoa kibao cheupe chenye vikombe vinne, anakamua kidogo kutoka kila chuchu, anamimina dawa ya kupimia, anakizungusha polepole. Vikombe vitatu vinabaki majimaji. Cha nne, cha chuchu ya nyuma kushoto, kinaganda na kuvutika kama mlenda. Mwenye ng'ombe ameona kwa macho yake ugonjwa wa kiwele ambao hakuujua. Mpaka hapo ni somo la mwaka wa tatu chuoni. Somo gumu linaanza sasa: dawa ya kutibu ikishaingizwa kwenye chuchu, maziwa hayauzwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti, na maziwa hayo ndiyo karo na ndiyo kodi ya nyumba, na jirani mwenye kibanda cha chai anayasubiri jioni. Sijawahi kuona slaidi inayomfundisha daktari aseme nini wakati huo. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo akafanikiwa ndiye mwalimu, na pengine hajawahi kualikwa kuzungumza popote.

Dawa ya kupimia nayo ina kisa chake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Faisalabad, Pakistan, walionyesha kwamba sabuni ya unga ya kufulia, kiasi cha asilimia 3 ndani ya maji, inaweza kufanya kazi hiyo. Sabuni hiyo inauzwa kila kioski cha Kawangware. Haya ndiyo maarifa ninayotaka yasafiri, kutoka kwa mfugaji mdogo wa Pakistan hadi kwa mfugaji mdogo wa Gatina, na kupitia mikutano ya hotelini si lazima.

Kuhusu nyenzo za mtandaoni nitasema kwa ufupi, maana tatizo si uhaba. Kitabu cha MSD cha tiba ya mifugo kinasomwa bure. Maktaba ya IVIS ni bure. Miongozo ya WSAVA, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, kuhusu chanjo za mbwa na paka ni bure. FAO ina kozi za mtandaoni. AGORA, mpango ulioanzishwa na FAO mwaka 2003 kufungua majarida ya kisayansi kwa nchi zenye kipato kidogo, ni mzuri, ila hupitia taasisi, na daktari mwenye kijichumba cha kupanga si taasisi. Chuo na chama vinaweza kumpa kadi ya maktaba, na hilo halihitaji mfadhili.

Darasa halisi la madaktari wa mitaani liko kwenye makundi ya WhatsApp. Saa nne usiku mtu anatuma picha ya ini la kuku, anauliza, "Wakuu, hii ni nini?" Ndani ya dakika kumi ana majibu saba, matano yakitaja antibayotiki. Nayapenda makundi haya kwa wepesi wake na kwa ukarimu wa watu. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayerudi kesho kutwa kusema kuku alipona au alikufa, na maabara ilisema nini. Bila jibu la maabara tunaambukizana mazoea tu. Kama Bodi itanisikiliza, pointi ziwe na uzito mkubwa zaidi kwa kisa kilichoandikwa mwanzo hadi mwisho: historia ya mnyama, mzoga uliopasuliwa, sampuli, jibu, na kilichofanyika baadaye. Ukurasa mmoja unatosha.

Hapo sina budi kugusa maduka ya agroveti. Mfugaji wa Kibera mwenye kuku saba hamwiti daktari. Huenda dukani, aseme kuku wanasinzia, apewe pakiti ya oksitetrasaiklini. Huenda ni kideri, ugonjwa wa virusi ambao antibayotiki haiugusi. Chanjo ipo, ila chupa ya kuku 100 kwa mwenye kuku saba ni hasara, mpaka mtu awakusanye majirani siku moja. Muuzaji wa duka ndiye anayewajua majirani hao wote. Mwaka 2017 Kenya ilitoa mpango wa kitaifa dhidi ya usugu wa dawa, na kila Novemba tunafanya wiki ya uhamasishaji. Yule muuzaji na msaidizi aliyehitimu AHITI wasipoketi nasi kwenye benchi moja, tutakuwa tunahamasishana wenyewe kwa wenyewe. Najua baadhi yenu mnaona kuketi nao kunashusha hadhi ya shahada. Naheshimu hofu hiyo, lakini sikubaliani nayo.

Kichaa cha mbwa nacho kinatutaka tuvuke mpaka wa taaluma. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viunga vya Nairobi, na mkakati wa taifa wa 2014 unataka vifo vya watu viishe ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mtoto akiumwa na mbwa Lindi, Kibera, hupelekwa kliniki. Muuguzi humtazama mtoto. Mbwa aliyeuma, ambaye angepaswa kufungwa na kuchunguzwa siku 10, hana anayemtafuta, kwa sababu muuguzi hana namba ya daktari wa mifugo wa mtaa huo. Mafunzo ya nusu siku, wauguzi na madaktari wa mifugo pamoja, na kubadilishana namba za simu, yangefanya zaidi ya mihadhara mingi niliyohudhuria. Na kila daktari anayeshika mbwa wa mitaani aulizwe hapo hapo kama yeye mwenyewe amechanjwa.

Pendekezo langu ni kikao cha kila mwezi, mwezi huu Kawangware, ujao Kibera, kwenye ukumbi wa kanisa au wa chifu, mwalimu mmoja kutoka Kabete na visa viwili kutoka kwa wenyeji. Kianze saa nane mchana, maana asubuhi ni ya wito na jioni ng'ombe hukamuliwa. Cha kwanza kiwe cha ugonjwa wa kiwele. Sabuni na vibao nitakuja navyo mimi. Kila mmoja aje na maziwa ya ng'ombe anayemshuku, chuchu moja chupa moja, na kila chupa iandikwe imetoka upande gani.