Mtoto Njiti na Kopo la Maziwa: Mizani Iamue

Haya ni matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Bisil na viunga vyake kuhusu lishe ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Yanachapishwa hapa ili yawafikie pia wakazi wa Kitengela, Namanga na sehemu nyingine za kaunti.



Chukueni mfano wa mama mmoja. Si mtu fulani anayejulikana, ni wa kuwaza tu, lakini wengi hapa Bisil watamtambua. Ana miaka 23 na boma lake liko ndani, mbali na barabara ya Namanga. Mimba ikiwa ya wiki 32, uchungu unamshika usiku. Anapakiwa kwenye pikipiki hadi kituo cha afya, kisha ambulensi inampeleka Kajiado mjini, na kufikia asubuhi amejifungua mtoto wa kike wa kilo 1.6. Mtoto analia kwa sauti ya paka mdogo. Analazwa katika chumba cha watoto wachanga na kutiwa mpira mwembamba wa kulishia kupitia puani.

Siku ya tatu mama anakamua na kupata vijiko viwili vya maziwa. Mama mkwe anapiga simu kuuliza kwa nini mtoto hapewi maziwa ya ng'ombe na samli kidogo ya kufungua tumbo. Shemeji anayefanya kazi Kitengela ameshanunua kopo la maziwa ya unga na kulituma kwa matatu. Mume, ambaye ndiye atakayeombwa pesa za makopo mengine, amenyamaza. Kila mtu anamwambia mama huyu kwamba hana maziwa, naye ameanza kuamini.

Je, kopo lile lifunguliwe? Huenda. Lakini sababu isiwe simu ya mama mkwe, wala kilio cha mtoto, wala jinsi matiti yanavyoonekana. Kinachoweza kutoa jibu la haki ni mizani ya kupimia mtoto, ikisomwa na muuguzi pamoja na mama mwenyewe.

Mtoto anayezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 huitwa njiti. Duniani, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa hivyo, kwa hiyo mama wa mtoto kama huyu hakurogwa wala hakukosea. Mtoto wa wiki 32 bado hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Ustadi huo huanza kukomaa karibu na wiki ya 34, na wengine huchelewa zaidi. Ndiyo maana anaweza kuwekwa kwenye titi, akalamba mara mbili tatu kisha akalala. Hajakataa titi. Amechoka.

Utumbo wake pia haujakomaa. Kuna ugonjwa hatari wa watoto njiti ambapo utumbo huvimba na sehemu yake kufa, na watoto wanaolishwa maziwa ya kopo huupata zaidi kuliko wanaolishwa maziwa ya mama. Maziwa ya mama aliyejifungua mapema huwa na protini nyingi zaidi katika wiki za mwanzo kuliko ya mama aliyetimiza miezi yake. Na yale ya kwanza kabisa, dang'a, hata yakiwa matone tu, yana kinga ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuiweka ndani ya kopo.

Jambo la kiasi linatisha familia nyingi bila sababu. Mtoto wa kilo 1.6 hapewi maziwa mengi siku za mwanzo. Huongezewa pole pole. Hata akifikia kiwango kamili, mahitaji yake kwa siku nzima ni kama mililita 250, pungufu ya chupa ya soda ya mililita 300. Ukigawanya mara 8 hadi 12, kila mlo ni kama vijiko 4 hadi 6 vya chai. Vijiko viwili vya siku ya tatu, kwa hiyo, si dalili ya ukame. Ni mwanzo.

Na hapa Bisil hakuna haja ya daktari kueleza jinsi maziwa yanavyopatikana. Mfugaji anajua kwamba ng'ombe asipoletewa ndama wake hubana maziwa. Anajua kwamba ukiruka kumkamua, maziwa hupungua, na ukiacha kabisa anakauka. Anajua pia kwamba ndama aliyekosa yale maziwa ya kwanza, mazito ya manjano, hubaki dhaifu na huweza kufa kwa ugonjwa mdogo. Cha ajabu ni kwamba mfugaji huyo huyo akiambiwa mke wake hana maziwa, atakubali ushauri wa kumpumzisha asikamue. (Akina mama wawie radhi kwa mfano huo, lakini wanaume ndio watakaouelewa haraka.)

Mama ambaye mtoto wake hawezi kunyonya anatakiwa aanze kukamua mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa chache baada ya kujifungua, na akamue angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Hahitaji mashine. Mikono iliyooshwa kwa sabuni inatosha, na chombo safi chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Kibuyu, hata kikiwa kimefukizwa vizuri kwa mkaa wa oloirien, hakifai kwa kazi hii, kwa sababu kuta zake hunyonya maziwa na haziwezi kuchemshwa zikatakata. Kwenye joto la Bisil maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya muda wa saa 4.

Mtego wa kopo uko hapo. Mlo mmoja wa kopo unaochukua nafasi ya mkamuo mmoja unaliambia titi lipunguze kazi. Baada ya siku kumi familia inasema, tulijua tu, hana maziwa. Kopo lenyewe ndilo lililoyapunguza.

Kuna dawa nyingine isiyouzwa dukani. Mwaka 1978, hospitali moja ya Bogotá, Colombia, ilikuwa na upungufu wa mashine za joto na watoto wengi waliorundikana. Daktari Edgar Rey akaanza kuwafunga watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyobeba mtoto wake. Leo huduma hiyo ya kangaruu inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza kwenye mashine, kulipunguza vifo vya watoto wadogo hao kwa robo moja. Mtoto aliye kifuani hutunza joto, na nguvu ambazo angezitumia kujipasha joto huenda kwenye kukua. Mama naye maziwa hushuka vizuri zaidi. Baba pia ana kifua. Mzee anayeona aibu kuonekana amembeba mtoto ndani ya shuka lake akumbuke jinsi anavyombeba mwana-kondoo usiku wa baridi, tena mbele za watu.

Sasa, mizani. Mtoto njiti hupungua uzito siku za kwanza, hadi kama sehemu moja ya kumi, na hilo ni la kawaida. Anatarajiwa kurudia uzito wake wa kuzaliwa karibu na wiki mbili. Baada ya hapo anatakiwa kuongeza angalau gramu 15 kwa kila kilo yake kwa siku. Kwa mtoto wa mfano wetu ni kama gramu 24 kila siku, au gramu 170 kwa wiki. Akiwa anazipata, hahitaji kopo, hata akilia, hata shangazi akisema amekonda. Asipozipata, jambo la kwanza ni kuchunguza njia: anakamuliwa mara ngapi, usiku unarukwa, anapata yale maziwa mazito ya mwisho wa mkamuo, anabaki na joto, ana maambukizi?

Haya yote yakishughulikiwa na mizani bado haisogei, au mama ni mgonjwa mahututi, au sukari ya mtoto imeshuka na maziwa hayajaja, basi mtoto anahitaji nyongeza, na kumnyima ni kumwumiza. Hili lisemwe wazi, kwa sababu mahubiri ya kunyonyesha wakati mwingine huwaacha akina mama wakificha njaa ya mtoto kwa aibu. Nyongeza iliyoagizwa na daktari ni tiba kama tiba nyingine.

Chaguo la kwanza la nyongeza ni maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kupashwa joto kitaalamu. Benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilifunguliwa Machi 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi. Wanaochangia hupimwa magonjwa, kisha maziwa hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Lakini maziwa hayo si ya kununuliwa na kupelekwa nyumbani, na Bisil si Pumwani. Kumpa mtoto jirani amnyonyeshe bila vipimo si njia ya mkato ya benki hiyo. (Mama mwenye virusi vya Ukimwi anayetumia dawa zake vizuri anashauriwa kunyonyesha mtoto wake mwenyewe, asiogopeshwe.) Kwa watoto wadogo zaidi, hasa waliozaliwa kabla ya wiki 32, daktari anaweza pia kuagiza virutubisho vya kuchanganya ndani ya maziwa ya mama yule yule.

Benki ikiwa mbali, linabaki kopo, na litumike kwa kipimo. Kuna maziwa maalumu ya watoto njiti, tofauti na yale ya kawaida. Daktari aseme ni yapi, mililita ngapi, mara ngapi. Unga huo hautoki kiwandani bila vijidudu kabisa, kwa hiyo maji yachemshwe na unga utiwe maji yakiwa bado moto, si chini ya nyuzi 70, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Kijiko cha unga kisawazishwe. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumshibisha mtoto maji. Yaliyokaa muda wa saa 2 yamwagwe. Mtoto anywe kwa kikombe kidogo, si chupa: kikombe husafishika, na hakimzoeshi chuchu ya mpira.

Maji yenyewe ni suala katika kaunti hii. Visima virefu vingi vya Kajiado vina floridi nyingi. Meno ya kahawia ya watoto wa shule yanaonyesha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Familia iliyolazimika kutumia kopo imwulize afisa wa afya ya umma kuhusu maji ya kisima chake, au ikinge ya mvua katika tangi safi na kuyachemsha.

Hesabu ya pesa ifanywe mapema pia. Mtoto anayelishwa kopo peke yake kwa miezi 6 humaliza takribani kilo 20 za unga, yaani makopo 50 ya gramu 400. Kopo la shemeji lilikuwa moja.

Maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi, samli, maji ya glukosi na dawa za tumbo za dukani hayafai kwa mtoto huyu hata kidogo. Mama mkwe aelezwe hivyo kwa heshima, tena na muuguzi, si na mkaza mwana aliyetoka kujifungua. Na mwenye duka au mwakilishi wa kampuni anayegawa sampuli au mabango ya maziwa ya watoto anavunja sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inayodhibiti bidhaa hizo. Aripotiwe kwa afisa wa afya ya umma.

Kwa akina mama wa Kitengela wenye ajira, likizo ya uzazi ya miezi 3 inaweza kuliwa nusu mtoto akiwa bado hospitalini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia. Choo si mahali hapo.

Tumrudie mama wa mfano. Kopo lilibaki limefungwa wiki ya kwanza. Alikamua usiku na mchana, na mumewe akaja kumbeba mtoto kifuani wakati yeye analala. Wiki ya tatu mtoto aliongeza gramu 60 tu. Daktari akaagiza nyongeza ya vikombe vitatu vidogo kwa siku, baada ya titi, na mama asiruke mkamuo hata mmoja. Wiki iliyofuata gramu 180. Vikombe vikapungua vikawa viwili. Alipofika kilo 2 na kunyonya mwenyewe, akaruhusiwa kwenda nyumbani na kikombe kimoja cha jioni, matone ya madini ya chuma, na tarehe ya kupimwa kila wiki kwenye kituo cha afya kilicho karibu, imeandikwa katika kijitabu cha kliniki. Aliambiwa arudi hata usiku kama mtoto atakataa kunyonya, atakuwa baridi, atapumua mbio, atavimba tumbo au kutapika kijani. Kikombe cha jioni kiliondolewa wiki mbili baadaye, baada ya mizani kusomwa mara mbili.