Anasikia, Ila Maneno Hayamfikii

Wasikilizaji wa Kibondo, Kasulu na vijiji vyote vya jirani, leo nina neno kuhusu ndugu zetu tunaowaita wakaidi, wazito au wazee waliochoka akili, kumbe kinachowasumbua ni masikio.

Ukiwauliza, wengi hujibu hivi: "Nakusikia, ila sikuelewi." Tunadhani ni ujanja. Si ujanja hata kidogo. Tunapozungumza, irabu, yaani a, e, i, o na u, hutoka nzito na zenye nguvu. Konsonanti kama s, f, t na k ni nyembamba na hafifu. Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama konokono, wenye vinyweleo vidogo mno vya kupokea sauti. Vinyweleo vya sauti nyembamba viko mlangoni, na mara nyingi ndivyo vinavyotangulia kuharibika kwa uzee, kwa kelele za mashine na kwa baadhi ya dawa. Vikifa, havioti tena.

Mtu wa namna hiyo mwambie taa, saa, paa au kaa: kinachomfikia ni "aa", mengine anakisia. Mzee yuko mnadani na mbuzi wake. Mnunuzi anasema elfu sitini, yeye anapata elfu tisini. Wakati wa kuhesabu pesa, kila mmoja anamwona mwenzake tapeli. Jioni mwanawe anapiga simu kumwambia "sitakuja", naye anasikia "nitakuja", anaagiza chakula kipikwe. Katika Kiswahili mkazo huangukia karibu na mwisho wa neno, ilhali ndiyo na hapana mara nyingi hupishana mwanzoni, mahali ambapo sauti ni dhaifu. Na simu nyingi hukata zile sauti nyembamba zaidi.

Kiha, lugha yetu ya hapa, nacho hutofautisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti. Mabadiliko hayo ya sauti hubebwa zaidi na irabu, kwa hiyo bibi mwenye tatizo hili huyapata vizuri. Anaitikia salamu bila shida, nasi tunasema masikio yake ni mazima. Habari mpya ikianza, anapotea.

Hapo ndipo tunapokosea kwa kupiga kelele. Ukipaza sauti, unaikuza zaidi irabu ambayo tayari anaisikia, na ile s inabaki palepale. Msogelee, mtazame usoni penye mwanga, zima redio, sema taratibu. Asipokupata, badilisha maneno: badala ya kurudia "sitakuja", mwambie "nimeghairi safari".

Mtoto ana mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu mtu mzima hukisia maneno aliyokwisha kuyajua, lakini mtoto ndiyo kwanza anayajifunza. Sikio linalotoa usaha, surua, homa ya uti wa mgongo, hata kwinini iliyokuwa ikitumika sana kwa malaria kali, vyote vinaweza kupunguza usikivu. Mtoto akikaa nyuma ya darasa lililojaa, imla yake itakuwa na makosa, naye ataadhibiwa kwa uvivu.

Mwalimu, jaribu hili. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono, azibe sikio moja, kisha umnong'oneze: sita, saba, tisa. Akishindwa kurudia, mweke dawati la mbele na uwaambie wazazi wampeleke kituo cha afya. Nanyi wazazi, msimimine mafuta wala maji ya majani katika sikio linalouma au kutoa usaha.

Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuilika. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, hatua kubwa kwa nchi yetu, lakini kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Huduma ya kwanza lazima ianzie zahanati ya kijijini. Naziomba halmashauri za Kibondo na Kasulu: kila mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza apimwe masikio. Nawe msikilizaji, kabla hujamwita mtu mkaidi, kaa mbele yake, sema naye taratibu, kisha umpeleke akapimwe.