Utando wa Kijani Majini

Somo letu la leo ni ule utando wa kijani uonekanao juu ya maji ya ziwa au lambo wakati wa joto. Huo si uchafu tu. Ni bakteria, na baadhi yao hutoa sumu. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa katika Ziwa Manyara, na wataalamu walivihusisha vifo hivyo na sumu hiyo. Kuchemsha maji huua bakteria, lakini sumu hubaki. Basi mkiuona utando, msinywe maji yale wala msinyweshe ng'ombe. Utando hustawishwa na samadi iletwayo na mvua. Acheni majani yaote ukingoni, na mifugo inyweshwe kwenye birika, mbali na ziwa.